Picha za Kale za Shinyanga na Geita

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho labda kimo ndani ya nyumba zenu, katika sanduku la bati au ukutani nyuma ya kioo, nanyi hamkitazami sana. Ni picha za kale. Hatuneni habari za picha za wafalme na majemadari, kwani hizo zina vitabu vyake. Twanena habari za picha za watu wa siku zote: wakata pori, wachimba dhahabu, wapakia pamba, akina mama wenye vikapu kichwani, na watoto waliosimama kando wakishangaa. Nchi tutakayoitazama ni Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, na zamani zenyewe ni tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1950, Tanganyika ilipokuwa chini ya serikali ya Waingereza.

Sisi tusemao ni walimu wa chuo cha ualimu. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana watakaokwenda kufundisha wengine. Katika somo la historia tumeona ya kuwa mwanafunzi aweza kukariri tarehe nyingi bila kujua babu yake alikula nini, alivaa nini, wala alipataje fedha ya kodi. Basi tuliwaambia wanafunzi wetu ya kuwa wakienda likizo warudi na picha za kale za kwao. Katika kazi hiyo tulijifunza mengi, tena tulifanya kosa moja ambalo hatutalificha. Tutalieleza karibu na mwisho, ili ninyi msilifanye.

Kwanza yafaa tujue picha hizi zilitoka wapi. Zamani za Wajerumani alikuwako Dar es Salaam mpiga picha mmoja, jina lake Walther Dobbertin, ambaye alipiga picha sehemu nyingi za nchi; na mkusanyo wa picha zake sasa umehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Kamera za zamani zile zilikuwa nzito, husimamishwa juu ya miguu mitatu, na picha yenyewe hunaswa juu ya bamba la kioo. Safari za bara zilifanywa kwa wapagazi, nao wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa hiyo mara nyingi aliyeichukua kamera kichwani alikuwa mtu wa kwetu, na aliyetazama ndani yake alikuwa mgeni.

Baada ya vita ya 1914 hata 1918 Waingereza walikuja na kamera ndogo zaidi, zitumiazo filamu. Bwana Shauri alipiga picha ili kuonyesha maendeleo ya wilaya yake. Mmisionari alipiga picha ili kuwapelekea wale waliochanga fedha kwao Ulaya. Mhandisi wa mgodi alipiga picha za mitambo ili wenye hisa wajue fedha yao imekwenda wapi. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja hiyo ndiyo iliyoamua nani asimame mbele na nani aachwe nje.

Kwa sababu hii tumewafundisha wanafunzi wetu kuiuliza kila picha maswali matatu. La kwanza: nani aliyeipiga, na kwa haja gani? La pili: nani wanaoonekana, nao wanafanya nini? La tatu: nani hawaonekani, ijapokuwa bila wao kazi ile isingalifanyika? Kwa maswali hayo matatu, haya na tutazame.

Picha za namna ya kwanza ni zile za kukata pori. Huonekana wanaume katika mstari mrefu, mashoka mikononi, na nyuma yao miti iliyolala chini. Ili kufahamu walikuwa wakifanya nini, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Yapata mwaka wa 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki. Mahali palipokuwa malisho pakageuka pori, na pori liliporudi, mbung'o naye alirudi pamoja nalo. Mdudu huyu huwatia ng'ombe ugonjwa wa nagana, na binadamu huwatia malale. Vita nayo ilizidisha taabu, maana watu walihama na mashamba yakaachwa. Hata ilipofika miaka ya 1920 wafugaji wa Shinyanga waliona malisho yao yakipungua mwaka hata mwaka.

Ndipo akaja Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori tangu mwaka wa 1919. Alishauriana na watemi wa nchi, na hasa Mtemi Makwaia wa Usiha. Mtemi aliita watu, nao walitoka kwa maelfu na mashoka yao. Njia zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukata miti na vichaka, ili mbung'o akose kivuli na asiweze kuvuka kutoka pori moja hata jingine. Ya pili ni kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi zikiwa zimekauka kabisa, kwa moto mmoja mkali uliopangwa, badala ya watu kuchoma hovyo mapema kila mmoja upande wake. Baadaye idara ya uchunguzi wa mbung'o ilikuwa na makao yake Old Shinyanga, na Swynnerton akawa mkuu wake hata alipokufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1938. Miaka miwili kabla ya kufa kwake alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki, na wataalamu walimpa mbung'o wa namna moja jina lake, Glossina swynnertoni.

Hatulionei wivu jina hilo, kwani bwana yule alifanya kazi kwa bidii. Lakini tazameni: hata mdudu alipata jina, na wale waliokuwa na mashoka, chini ya picha zao aghalabu huandikwa neno moja tu, wenyeji. Wala tusidhani ya kuwa serikali ndiyo iliyowafundisha watu hao kufanya kazi kwa pamoja. Wasukuma walikuwa na vyama vyao vya vijana vya kulima tangu kale, chini ya viongozi waitwao basumba batale, na walilima kwa ngoma na nyimbo, jembe na jembe zikipanda na kushuka kwa mlio mmoja. Mtemi alipoita watu waende porini, aliita jambo lililokuwa tayari limepangwa vijijini.

Na swali la tatu je? Katika picha hizo hatuwaoni akina mama. Walakini maelfu ya watu hawakati miti siku nyingi bila kula. Kuna aliyesaga mtama na uwele juu ya jiwe. Kuna aliyekata viazi vitamu vipande vyembamba akavianika juani, vikawa michembe, chakula kisichooza njiani. Kuna aliyechuma majani ya kunde akayakausha yawe mboga ya kiangazi. Kuna aliyekwenda kisimani alfajiri na mtungi. Mpiga picha hakuwa na haja na vitu hivyo, naye hakuvigeuzia kamera yake. Lakini mtu mwenye akili akiona shoka katika picha, na akumbuke chungu kilicho jikoni.

Wanafunzi wetu waliuliza, je, kukata pori kule kulikuwa kwema au kubaya? Swali hilo halina jibu la neno moja. Ng'ombe walirudi, na watu wakapata pa kukaa. Lakini miaka ilivyopita, watu na mifugo walizidi, mashamba ya pamba yakapanuka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni na kwa kujenga. Mwaka wa 1974 watu walipohamishiwa katika vijiji, wengi waliyaacha malisho yao ya akiba. Hata kufika miaka ya 1980 mahali pengi pa Shinyanga palikuwa peupe, na upepo ulichukua udongo. Mwaka wa 1986 ikaanzishwa kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi huiita HASHI, nayo iliendelea hata mwaka wa 2004. Jambo lililofaulu zaidi lilikuwa la asili ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto wake kwa njia hiyo, na mwaka wa 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta mbele ya mataifa. Kwa hiyo babu walikata miti ili ng'ombe wapone, na wajukuu wameiotesha tena ili ng'ombe wapone. Ukiweka picha ya miaka ya 1920 kando ya picha ya ngitili ya leo, utaona ya kuwa watu wale wale wametenda mambo mawili yaliyo kinyume kwa sababu moja.

Sasa tugeukie picha za stesheni na za soko la pamba. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka wa 1928. Kabla ya hapo mzigo ulikwenda kwa kichwa cha mtu au kwa mgongo wa punda. Baada ya hapo pamba ya Usukuma ilisafirishwa kwa gari moshi kwenda pwani, na kurudi nayo kulikuja nguo, chumvi, majembe ya chuma, mafuta ya taa na baiskeli. Katika picha za soko huonekana mzani mkubwa unaning'inia, mnunuzi Mhindi na kitabu chake, karani Mwafrika mwenye kaptula nyeupe, na wakulima wanaongoja na mafurushi. Wakulima wanautazama mzani. Hakuna hata mmoja anayeitazama kamera. Walikuwa na sababu yao, kwani manung'uniko juu ya mizani yalikuwa mengi, na manung'uniko hayo ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya wakulima, katika miaka ya 1950, kuanzisha vyama vyao vya ushirika wakiongozwa na Paul Bomani, hata vikaungana kuwa chama kikubwa cha Victoria Federation.

Twawashauri tena, mkitazama picha ya namna hii, tazameni miguu. Tazameni nani amevaa viatu. Karani ana viatu na soksi ndefu. Askari ana viatu au patipati. Mtemi labda ana viatu na kanzu. Mkulima ana miguu mitupu yenye vumbi, naye ndiye mwenye pamba. Kisha tazameni nguo. Kuna kaniki nyeusi, kuna marekani iliyokuwa nyeupe zamani, na huku na huko koti la Kizungu limevaliwa juu ya shuka. Mtu mmoja amefunga senti zake katika pindo la nguo. Fedha hiyo haikuwa yake yote. Kodi ilikuwa inangoja, na ilipasa kulipwa kwa fedha taslimu, si kwa mtama wala kwa mbuzi. Ndiyo maana asiyekuwa na pamba ya kutosha aliondoka kwenda kutafuta kazi ya mshahara, na wengi walielekea machimboni.

Hapo ndipo tunapofika Geita. Wajerumani walikuwa wamejua tangu mwisho wa karne ya 19 ya kuwa nchi ile ina dhahabu, lakini mgodi mkubwa haukufunguliwa ila mwaka wa 1936. Sababu ya kufunguliwa wakati ule haikuwa Geita peke yake. Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu mwaka wa 1931, na mwaka wa 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hata dola 35 kwa wakia moja. Mawe ambayo zamani hayakulipa gharama ya kuyachimba yakawa mali. Basi neno lililonenwa mbali, Washington na London, lilimtoa kijana wa Uzinza au wa Usukuma kwao, likamshusha chini ya ardhi. Mgodi ule ulidumu hata mwaka wa 1966, na kwa miaka yote 30 ulitoa takriban wakia milioni moja za dhahabu.

Picha za mgodi huwa za namna mbili. Kuna picha za mitambo, ambazo mtu akiwamo ndani yake amewekwa ili kuonyesha ukubwa wa chuma. Na kuna picha za makundi, wanaume wamepangwa safu mbili, wa mbele wamechutama, wa nyuma wamesimama, nyapara yuko pembeni na Mzungu katikati amekaa kitini. Mzee mmoja wa Geita, ambaye alifanya kazi katika mgodi huo katika miaka ya 1950 alipokuwa kijana, alitueleza maana ya sura zile. Alisema ya kuwa hakuna aliyecheka, maana picha ilipigwa baada ya zamu, nao walikuwa na njaa.

Mzee huyo alitueleza habari za kipande. Kipande ni kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mtu akimaliza kazi yake ya siku huandikiwa. Asipoimaliza haandikiwi, ijapokuwa ametoka jasho tangu asubuhi. Mshahara ulikuja kadi ilipojaa, na kwa hiyo mwezi wa mfanyakazi haukuwa mwezi wa kalenda. Alitueleza pia jinsi mawe yalivyopandishwa juu, yakasagwa hata yakawa kama unga, kisha dhahabu ikatolewa kwa dawa kali ya sianidi. Walipewa posho ya unga na maharagwe. Chini mlikuwa na joto na mlio, na vumbi la mawe liliingia kifuani. Vumbi hilo huleta ugonjwa wa mapafu ambao haumpati mtu siku ile ile. Humngoja hata arudi kwao. Picha haiwezi kuonyesha kikohozi.

Wala mtu asidhani ya kuwa watu hao waliosimama kimya mbele ya kamera hawakuwa na maneno. Serikali ilikizuia chama cha TANU katika Usukuma tangu mwaka wa 1954 hata 1958. Na mwaka ule wa 1958 watu wa Geita walikataa waziwazi baraza jipya la wilaya lililotaka kuwachanganya wajumbe wa mataifa yote bila ridhaa yao, wakaenda kwa wingi hata Mwanza kulalamika. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima na vibarua wa namna ile ile tunayoiona katika picha, wamechutama safu ya mbele.

Tukirudi upande wa Shinyanga twakuta Mwadui. Huko ndiko Dakta John Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Kanada, alikovumbua almasi mwaka wa 1940, baada ya kuitafuta miaka mingi katika taabu. Simulizi za watu zasema aliiona chini ya mbuyu. Iwe kweli au hadithi, mahali pale palikuwa na mwamba wa almasi wa eneo la hekta 146, mmoja wa miamba mikubwa ya namna hiyo duniani. Mwaka wa 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, naye Williamson akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka ule ule. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, kisha ikawekwa katikati ya ua la vito, na picha zake, ikiwa kifuani mwa Malkia, zilionekana dunia nzima kwa karibu miaka 70.

Katika habari za jiwe hilo mtu husikia jina la mwenye mgodi, na jina la aliyelivaa. Kwetu sisi jiwe lile lina watu wengine pia: waliochimba changarawe, waliosukuma matoroli, walioziosha na kuzichagua, waliolinda ukuta wa seng'enge usiku. Mwadui ulikuwa mji kamili, una nyumba, hospitali, shule na maduka, na kwa kijana aliyetoka kijijini taa za umeme zilikuwa ajabu. Lakini kila aliyetoka kazini alipekuliwa mwili. Watu waliokaa huko hueleza mambo hayo mawili pamoja, taa na kupekuliwa, wala hawaoni kwamba moja lafuta jingine.

Mpaka hapa tumenena juu ya picha zilizopigwa kwa haja ya wengine. Ziko na nyingine, nazo ndizo tunazozipenda zaidi. Ni zile zilizopigwa kwa fedha ya mwenyewe aliyemo. Katika miaka ya 1940 na 1950 mafundi wa picha, wengi wao Wahindi, walikuwako katika miji. Kijana aliyetoka machimboni au aliyeuza pamba aliingia dukani, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe aliamua asimame namna gani. Mmoja ameegemea baiskeli. Mwingine ameweka mkono juu ya meza ili saa ionekane. Bibi mmoja amevaa kanga mbili mpya zilizofanana, na mtoto wake ameshikwa mkono kwa nguvu asije akatikisika. Baadhi ya saa na makoti yaliazimwa kwa fundi, hilo tunalijua, wala si uongo mbaya. Mtu yule alikuwa akisema, "Hivi ndivyo nitakavyo mnione." Katika picha ya mgodi hakupewa nafasi ya kusema hivyo.

Mwaka wa 1945 Mtemi Kidaha Makwaia, mwana wa yule Makwaia aliyewaita watu wakate pori, aliteuliwa pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Jina la mtemi limo vitabuni, na ni haki. Lakini vitabu havina nafasi ya kijana wa baiskeli. Nafasi yake ni nyuma ya picha, kwa mkono wa mtu anayemjua.

Basi sasa tuungame kosa letu. Mwanafunzi mmoja alituletea picha ya wanaume 9 waliosimama penye mlango wa mgodi wa Geita. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu ya risasi mwaka tu, 1953. Mmoja wao alikuwa babu yake. Nyanya yake, aliyekuwa mzee sana, aliwataja 4 kwa majina na koo zao, na mmoja wao akamtaja pia kwa utani wake. Akasema, "Hawa wengine nawajua. Walikula kwangu. Niachieni picha niitazame, majina yatanijia." Lakini sisi walimu tulikuwa na haraka ya kuitia picha katika kioo, ili ionekane katika maonyesho ya chuo. Tulimwambia mwanafunzi ailete. Wageni waliitazama, wakaisifu, nasi tukafurahi. Ikakaa ukutani mihula miwili. Kijana alipoirudisha kwao, nyanya yake alikuwa amekwisha kufa tangu masika.

Tulikwenda kutoa pole, na mama wa kijana akatuambia bila hasira ya kuwa marehemu aliiuliza picha mara mbili. Hatukuwa na la kujibu. Baadaye tuliipeleka picha kwa yule mzee wa Geita tuliyemtaja, naye alimtambua mmoja zaidi, kwa sababu ya kidole kilichokatika. Kwa hiyo wamepatikana 5. Wale 4 waliobaki wanatutazama bado, na twamwambia kila mwanafunzi mpya habari zao. Tulikuwa tukiwalaumu wageni walioandika "wenyeji" chini ya picha, na sisi wenyewe, tulipopewa nafasi ya kuandika majina, tulitaka kwanza kioo kizuri.

Kwa hiyo, wasikilizaji, twawaomba jambo dogo. Usiku wa leo au kesho fungueni lile sanduku. Chukueni picha moja, mmwendee mzee aliyebaki katika ukoo wenu, mkae naye bila haraka. Msimwulize kwanza juu ya mwaka, maana wazee wengi hawahesabu hivyo. Mwulizeni alikuwa amekwisha kuolewa, reli ilikuwako, ulikuwa mwaka wa njaa gani. Mwulizeni ni nani, na wa ukoo gani, na walikula nini siku ile. Kisha andikeni nyuma ya picha, pembeni, kwa kalamu ya risasi isiyo kali, mkono ukiwa mwepesi, kwa kuwa wino hupenya na ncha kali huacha alama mbele. Picha isikae juani wala penye moshi. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kutoa nakala kwa dakika moja. Basi chuo, ofisi au makumbusho wakiitaka picha yenu, wapeni nakala, na picha yenyewe ikae na watu wanaowajua waliomo. Iko mifano mema ya kutunza mambo ya kale, kama makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padre David Clement. Lakini hakuna makumbusho yawezayo kumjua babu yako kuliko wewe.

Nchi ya Geita imebadilika. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka wa 2000, mkoa wa Geita ukaundwa mwaka wa 2012, na mwaka wa 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa juu ya maji ambayo wachimbaji wa zamani waliyavuka kwa mtumbwi au kwa kivuko. Hata sasa vijana hupiga picha machimboni na darajani kila siku, zaidi ya zile zote za zamani. Nao hawaandiki majina, kwani kila mmoja adhani ya kuwa anajulikana. Wale wanaume 9 walidhani hivyo hivyo.

Tumekwisha mazungumzo yetu. Mkiwa na kalamu ya risasi nyumbani, ichongeni. Kwaherini.